Ushauri wa mtu mmoja mmoja au mazingira ya wote? Ulinganisho wa njia nne za kuzuia magonjwa sugu

Mwaka 1985 daktari Mwingereza, Geoffrey Rose, alichapisha makala yenye mchoro wa mistari miwili. Mstari wa kwanza ulikuwa wa shinikizo la damu la wafugaji wa kuhamahama wa Kenya, wa pili wa watumishi wa serikali wa London. Kila kundi lilikuwa na wenye presha ya juu na wenye presha ya chini. Ila mstari wa London ulikuwa umesogea juu wote mzima, na si wale wagonjwa wachache wa mwishoni peke yao.

Kutokana na mchoro huo Rose alitenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya hadi leo. Kwa nini mtumishi huyu ana presha kubwa kuliko mwenzake wa meza ya pili? Hapo utatajiwa urithi, umri, unene. Na kwa nini ofisi nzima imewazidi wafugaji? Urithi wa mtu mmoja hausaidii kujibu hilo. Inabidi utafute kitu ambacho ofisi nzima inakula, inakunywa au inakitenda kila siku bila kukitambua. Swali la kwanza humpeleka mtu kwa daktari. La pili humpeleka kiwandani, dukani na bungeni.

Mabishano mengi kuhusu kuzuia kisukari, kiharusi na magonjwa ya moyo ni ya watu wanaojibu maswali tofauti wakidhani wanajibu moja. Magonjwa yasiyoambukiza huua zaidi ya watu milioni 40 duniani kila mwaka, takribani vifo vitatu katika kila vinne, na tabia zinazoyachochea ni zilezile: tumbaku, pombe, ulaji mbaya na kubweteka bila mazoezi. Fedha za kinga hazijawahi kutosha popote. Kwa hiyo ofisa wa afya, mwajiri, shirika la hiari au mbunge lazima achague. Njia zilizo mbele yake ni nne: kampeni za elimu kwa umma, ushauri wa mtu mmoja mmoja, bei na sheria, na kurekebisha bidhaa na mazingira yenyewe. Hazilingani kwa nguvu, na sitajifanya zinalingana.

Kampeni za elimu

Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi, na sababu iko wazi: haimkasirishi mtu. Hakuna kiwanda kinacholalamika ukibandika bango la kuhimiza mazoezi. Kwa fedha kidogo unafikia watu wengi, na picha za uzinduzi zinapendeza kwenye ripoti ya mwaka.

Kazi yake, hata hivyo, ni ndogo kuliko kelele zake. Katika miaka ya 1980 Marekani iliendesha miradi mikubwa ya kuelimisha miji mizima kuhusu moyo huko Stanford, Minnesota na Pawtucket. Tofauti kati ya miji iliyoelimishwa na ile ya kulinganishia ilikuwa hafifu. Mradi mwingine, COMMIT, ulichukua jozi 11 za miji kati ya 1989 na 1993 na kulenga hasa wavutaji sigara sugu. Walioacha katika miji yenye mradi hawakuwazidi wenzao. Wavutaji wa wastani ndio walioacha zaidi kidogo.

Hata taarifa inayomhusu mtu binafsi haitoshi. Wengi waliamini kwamba mtu akionyeshwa kuwa vinasaba vyake vinamweka hatarini, ataacha sigara au ataanza kukimbia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2016 hayakuona mabadiliko ya maana ya tabia. Kujua ni jambo moja, na mkono unaonyooka kuchukua sigara ya asubuhi ni jambo lingine. Mkono huo haungoji kushauriwa.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa vya kutosha. Elimu hufanyiwa kazi kwanza na wenye nafasi ya kuifanyia kazi, yaani wenye muda, kipato na utulivu wa akili. Anayefanya kazi mbili husikia tangazo lilelile na kubaki palepale. Kampeni inaweza kuboresha wastani wa afya ya taifa huku ikipanua pengo kati ya walio nacho na wasio nacho.

Je, tuitupe? La. Kazi yake halisi ni kulainisha ardhi. Ripoti ya mganga mkuu wa Marekani kuhusu sigara ilitoka 1964, na mwaka uliofuata takribani asilimia 42 ya watu wazima nchini humo walikuwa wanavuta. Leo ni kama mmoja kati ya tisa. Kilichowashusha ni kodi, marufuku ya kuvuta ndani, vizuizi vya matangazo na msaada wa kuacha, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingepita bungeni kama wananchi wasingekuwa wameshajua sigara inaua. Kodi ikija kabla ya elimu, watu huiona ni wizi.

Ushauri wa mtu mmoja mmoja

Hapa ushahidi ni mtamu, na ndiyo maana watu wengi wenye akili hupotelea hapa.

Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lilipewa dawa ya metformini. Jingine lilipewa mkufunzi wa kila mtu, masomo 16 ya kuanzia, lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Baada ya takribani miaka mitatu, dawa ilikuwa imepunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 31 ikilinganishwa na vidonge bandia. Mkufunzi alipunguza kwa asilimia 58. Mwaka mmoja kabla, Ufini ilikuwa imepata asilimia 58 hiyohiyo kwa watu 522. Ni nadra katika tiba kuona mazungumzo na jasho vikiishinda dawa nzuri kiasi hicho.

Kwa hiyo tumshauri kila mtu? Fanya hesabu kwanza. Mkufunzi wa kila mtu, masomo 16 na ufuatiliaji wa miaka ni gharama ambayo mfumo wa afya unaweza kuibeba kwa maelfu, si kwa mamilioni. Tena waliojiunga na jaribio walikuwa wamechujwa na wamekubali. Yule asiyeitikia simu hayumo kwenye ile asilimia 58.

Kisha kuna jaribio ambalo wapenzi wa ushauri hawalitaji sana. Liliitwa MRFIT. Marekani ilipima wanaume zaidi ya 360,000, ikachagua 12,866 waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya moyo, na kuwagawa mafungu mawili. Nusu walipata ushauri wa nguvu kuhusu sigara, ulaji na presha. Nusu waliachwa mikononi mwa waganga wao wa kawaida. Matokeo yalitoka 1982, baada ya wastani wa miaka saba: vifo vya moyo havikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika. Sababu mojawapo ni kwamba lile fungu lililoachwa nalo lilipunguza sigara na presha, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa inabadilika. Mto ulikuwa unawabeba wote, wenye kasia na wasio nalo.

Rose alikuwa na hoja nyingine dhidi ya kutegemea njia hii peke yake, na hesabu yake ni rahisi. Chukulia mfano wa watu 10,000. Kati yao 500 wana hatari kubwa, asilimia 10 ya kuugua katika kipindi fulani. Waliobaki, 9,500, wana hatari ndogo ya asilimia 2. Wenye hatari kubwa watatoa wagonjwa 50. Wale wa hatari ndogo, ambao hakuna aliyewaita kliniki, watatoa 190. Ukiwaponya wote 500, bado wodi itajaa. Hiki ndicho alichokiita kitendawili cha kinga: wagonjwa wengi hutoka kwa watu wa kawaida kwa sababu tu watu wa kawaida ni wengi.

Hata hivyo, kuna ushauri wa bei nafuu ambao nisingependa uachwe. Daktari akitumia dakika chache kumwambia mvutaji aache, huongeza watu wapatao mmoja hadi watatu katika kila mia wanaoacha kweli. Inaonekana haba, mpaka ukumbuke haimgharimu chochote zaidi ya hizo dakika. Ujumbe wa simu nao una rekodi nzuri: katika jaribio la Uingereza la 2011 lililohusu watu 5,800 waliotaka kuacha sigara, asilimia 10.7 ya waliotumiwa jumbe za kutia moyo walikuwa wameacha baada ya miezi sita, na hilo likathibitishwa kwa vipimo, dhidi ya 4.9 ya wengine. Na kuacha si jambo dogo. Utafiti wa nusu karne uliofuatilia madaktari wa Uingereza ulionyesha kuwa anayeacha akiwa na miaka 30 hurudishiwa takribani miaka 10 ya maisha, wa 40 hurudishiwa 9, wa 50 miaka 6, na hata wa 60 hupata 3.

Bei na sheria

Kati ya njia zote nne, hii ndiyo inayofanya kazi hata wakati ofisa wa afya amelala. Sigara ikipanda bei kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takribani asilimia 4 katika nchi tajiri na karibu 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vijana na maskini ndio wanaopunguza zaidi. Huna haja ya kumfuata mtu nyumbani, wala kumwomba ahudhurie semina. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika 2005, uliweka kodi na marufuku ya matangazo katikati kwa sababu hiyo.

Kwa vinywaji vya sukari ushahidi ni mpya zaidi lakini unaelekea kulekule. Meksiko ilianza kutoza peso 1 kwa lita mwezi Januari 2014. Katika mwaka wa kwanza ununuzi wa vinywaji vilivyotozwa ulishuka kwa wastani wa asilimia 6, na zaidi ya hapo kwa kaya maskini. Uingereza ilikuja na ujanja ambao kwangu ni bora zaidi. Haikutoza kwa lita tu, ilitoza kwa ngazi: kinywaji chenye gramu 5 za sukari au zaidi kwa mililita 100 kilipe, chenye 8 au zaidi kilipe zaidi. Ilitangaza 2016, ikaanza kutoza Aprili 2018. Katika ile miaka miwili ya kungoja, viwanda vingi vilipunguza sukari ili kuikwepa kodi, na mnywaji akapata kinywaji chenye sukari kidogo bila kubadili chochote. Hapo kodi ilikuwa na faida kubwa zaidi kwa kutolipwa kuliko kwa kulipwa.

Kuna walioungua pia. Denmark ilitoza mafuta yenye madhara kwa moyo kuanzia Oktoba 2011, na ikaifuta kodi hiyo kabla ya 2013 kuanza. Ilikuwa na urasimu mwingi, wafanyabiashara waliipinga, na watu walivuka mpaka kwenda kununua nchi jirani. Kodi inayoweza kukwepwa kwa safari ya nusu saa ni kodi dhaifu. Kabla ya kuiga nchi yoyote, tazama mipaka yako.

Lawama kuu ni kwamba kodi za namna hii humwumiza maskini. Ni kweli hulipwa kwa uzito zaidi na mwenye kipato kidogo. Lakini magonjwa haya nayo humwumiza zaidi, na yeye ndiye anayepunguza matumizi haraka zaidi bei ikipanda. Lawama hiyo hupata uzito serikali inapokusanya fedha na kuzitumia kwingine, huku huduma ya kumsaidia mvutaji kuacha haipo. Hapo nakubaliana na wanaolalamika.

Kurekebisha bidhaa na mazingira

Njia hii haimwombi mtu nia njema. Chakula kinapunguzwa chumvi polepole, ulimi haushtuki, presha inashuka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na nchi nyingi ziko juu ya kiwango hicho kwa mbali. Uingereza iliviwekea viwanda malengo ya kupunguza chumvi, aina ya chakula moja baada ya nyingine. Kati ya 2001 na 2011 wastani wa taifa ulishuka kutoka gramu 9.5 hadi 8.1 kwa siku. Malengo yale yalikuwa ya hiari, lakini kulikuwa na mamlaka iliyopima na kuwataja wazembe. Msukumo ulipolegea, kasi nayo ililegea.

Lakini hapa ndipo wengi huiga bila kuangalia. Mpango wa viwanda husaidia pale chumvi nyingi inapotoka viwandani. Kama chumvi nyingi inatiwa na mpishi nyumbani, unaweza kukirekebisha kila kiwanda na usione tofauti kwenye mkojo wa mtu yeyote, ambako chumvi iliyoliwa hupimwa. Uchina ilikuwa na hali hiyo vijijini. Watafiti walichukua vijiji 600 na watu 20,995 waliokuwa na historia ya kiharusi au wenye umri mkubwa na presha, kisha nusu ya vijiji wakavipa chumvi mbadala: robo tatu chumvi ya kawaida, robo ya potasiamu. Waliwaambia waitumie badala ya chumvi yao ya kawaida, na waitie kidogo zaidi. Matokeo ya 2021 yalionyesha viharusi vimepungua kwa asilimia 14, na vifo navyo vikapungua. Tahadhari moja ni muhimu: potasiamu inaweza kumdhuru mwenye figo mbovu, hivyo huwezi kuimwaga kila mahali pasipo huduma za kumtambua mgonjwa wa figo.

Mafuta ya trans, yaani yale yanayotokea mafuta ya mimea yanapogandishwa kiwandani na ambayo hudhuru moyo, ni mfano rahisi zaidi. Denmark iliyawekea ukomo wa kisheria 2003, ya kwanza duniani. Walaji hawakuyalilia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiyapenda kwa jina. Ikiwa nchi yako haijafanya hivyo, hii ndiyo hatua ya kwanza, na haihitaji mjadala mrefu.

Hata vitu vidogo husogeza: mapitio ya tafiti ya 2015 yalithibitisha kwamba watu hula zaidi wakiwekewa chakula kingi zaidi, vifungashio vikubwa zaidi au vyombo vikubwa zaidi. Na Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu 1974, hufunga barabara kubwa kwa magari siku za Jumapili ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli.

Mkoa uliochanganya zote

Mwaka 1972 mkoa wa North Karelia, mashariki mwa Ufini, ulikuwa na vifo vya moyo vya wanaume vya kutisha kuliko karibu popote duniani. Wawakilishi wa mkoa wenyewe ndio walioiandikia serikali kuomba msaada. Daktari kijana, Pekka Puska, akapewa mradi. Alitumia elimu, lakini hakuishia kwenye elimu. Akina mama wa vyama vya nyumbani walifundishana kupika bila kuzidisha siagi, watengeneza soseji wakashawishiwa kupunguza mafuta na chumvi, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakasaidiwa kugeukia kilimo cha matunda madogo ya jamii ya beri. Baada ya miaka mitano kazi hiyo ikapanuliwa nchi nzima. Katika miongo minne, vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Mikoa jirani ilishuka pia, na ndiyo maana wanatakwimu hubishana ni kiasi gani cha sifa kiende kwenye mradi. Mkazi wa Ufini aliye hai leo hana sababu ya kuingia kwenye ubishi huo.

Uchague ipi?

Ukiwa mbunge au waziri, usianze na semina. Anza na kodi ya tumbaku, marufuku ya kuvuta ndani ya majengo na ukomo wa mafuta ya kugandishwa, kisha kodi ya sukari yenye ngazi. Elimu iende mbele kwa miezi kadhaa, iseme wazi fedha zitatumikaje.

Ukiwa ofisa wa afya asiye na mamlaka ya kodi, uliza kwanza chumvi ya watu wako inatoka wapi. Jibu hilo peke yake linaamua kama uzungumze na viwanda au ulete chumvi mbadala. Kisha hakikisha kila mvutaji anayefika kituoni, hata kwa kidonda cha mguu, anaambiwa aache na anatajiwa msaada ulipo.

Mwajiri ana jikoni, ngazi, ratiba na mlango wa kuvutia sigara. Abadili hivyo kabla ya kulipia mhamasishaji wa siku moja. Akitaka kutoa ushauri, awape waliokwisha pimwa na kukutwa ukingoni mwa kisukari, na awape kwa muda mrefu. Utafiti mmoja wa London ulikuta zoea jipya huchukua wastani wa siku 66 kukita mizizi, kwa mwingine 18, kwa mwingine 254. Wiki ya afya mahali pa kazi haina muda wa kufika huko.

Shirika la hiari lenye wafanyakazi wachache na mioyo mikubwa ndilo lililo hatarini zaidi kuchagua kampeni, kwa sababu wafadhili huuliza ni wangapi wamefikiwa. Kataa kipimo hicho mapema, kwenye andiko lenyewe la mradi. Kwa chumvi, pima mkojo wa saa 24 wa watu wachache waliochaguliwa kwa kura, kabla na baada. Kwa sigara, pima pumzi au mate ya wanaosema wameacha. Kwa soda, omba takwimu za mauzo. Mfadhili akisisitiza idadi ya waliohudhuria, mpe, lakini kwenye kiambatisho.